Cheti cha Mama Mkwe

Kifungu cha kumi na nne cha katiba ya umoja wetu wa wenye nyumba nilikiandika mwenyewe, nikiwa nimejifungia sebuleni Jumamosi nzima na chupa ya chai. Kinasema kwamba yeyote atakayechaguliwa kuingia kwenye kamati ni lazima ndani ya siku tisini ahudhurie mafunzo ya uongozi kwa siku tatu kamili, ashiriki zoezi la kuendesha kikao, na afanye mtihani. Akifaulu anapewa cheti. Asipokuwa na cheti, nafasi yake inakuwa wazi. Kazi yenyewe ni ya kujitolea, haina posho wala soda, na wakazi waliniuliza kwa nini tumtese mtu anayetufanyia kazi bure. Nikawajibu kwamba hata anayetuchinjia mbuzi wa sherehe bure tunataka awe anajua kushika kisu. Wakacheka, wakapitisha.

Sababu nyingine sikuwaambia. Mimi ni mwalimu wa somo la Uraia, nimefundisha mambo ya katiba na kura kwa miaka mingi mpaka chaki imenikausha vidole, na nilijua kabisa nani anafaa kuwa mwenyekiti wa kwanza wa umoja ule. Kifungu cha kumi na nne kilikuwa chekeche langu. Nilitaka kiwapitishe watu kama mimi na kuwazuia wengine.

Nyumba zetu ziko pembezoni mwa mji wa Bariadi, thelathini na mbili, zote za ramani moja, mstari wa juu na mstari wa chini, katikati barabara ya vumbi. Kisima ni kimoja, tangi moja, geti moja, na nyuma ya mstari wa juu unapita mtaro mmoja wa kupeleka maji ya mvua mbugani. Waliozijenga walipomaliza kuziuza wakaondoka zao, na vitu vyote vya pamoja vikabaki mikononi mwetu. Kwa mwaka wa kwanza kila mtu alidhani mwenzake ndiye anayevishughulikia. Tangi likaota majani juu, na ndipo tukaunda umoja.

Mimi nakaa mstari wa juu. Mama mkwe wangu anakaa mstari wa chini, nyumba ya mwisho kabisa, ile inayopakana na mbuga. Watoto wake walimnunulia alipostaafu upishi katika shule moja ya bweni kule Lalago, na mke wangu, ambaye ni kifungua mimba wake, ndiye aliyechanga zaidi. Ni mwanamke mfupi, mwenye mikono iliyokomazwa na mwiko, na huzungumza taratibu kama mtu anayejua kwamba ugali hauivi kwa kupigiwa kelele.

Hapa lazima nieleze jambo, maana bila hilo mengine hayataeleweka. Siku hizi wako wanaokula sahani moja na mama wakwe zao, wanapiga nao na picha. Sisi tuliolewa na kuoa kwa ng'ombe, na ukwe wetu bado una kimo chake. Simpi mama mkwe mkono. Siketi naye meza moja, sili mbele yake, simtazami usoni. Nikikutana naye njiani napisha pembeni, nainamisha kichwa, nasema kwa Kisukuma, "Mwangaluka, mayu," yaani habari za asubuhi, mama, naye anajibu akitazama upande mwingine, kila mmoja anaendelea na safari yake. Nikienda kwake naishia uani. Sebuleni mwake nilikuwa sijawahi kukanyaga. Akiwa na neno na mimi anamwambia binti yake, na binti yake ananiletea. Kwa miaka yote ya ndoa yangu hakuwahi kuniambia neno ana kwa ana zaidi ya salamu, na mimi niliona hiyo ndiyo heshima yenyewe.

Siku ya uchaguzi nilivaa koti. Nilikuwa nimeandaa hotuba yenye dira, dhamira na malengo, nikaisoma yote. Kisha mama mmoja wa mstari wa chini akasimama akampendekeza mama mkwe wangu. Wakamwomba naye aseme neno. Akasimama pale pale alipokuwa amekaa, akafunga kanga vizuri, akasema, "Mimi nataka mtaro. Mvua ikinyesha watu wa chini tunalala juu ya meza. Nikichaguliwa, mtaro utapita kabla ya mvua za mwakani." Akakaa. Mikono ikahesabiwa: kumi na tisa yake, kumi na mmoja yangu. Kwa kunihurumia wakanifanya katibu. Tulikuwa tumeshapiga makofi ndipo makamu mwenyekiti, mstaafu wa reli aliyemalizia kazi yake kwenye stesheni ya Malampaka, akauliza kwa sauti, "Sasa hawa wakwe watakaaje meza moja?" Watu walicheka hadi wakapanguza machozi. Mimi sikucheka.

Niseme kweli, nilikuwa na wivu. Kushindwa kunauma, lakini kushindwa na mama mkwe kunakunyima hata haki ya kununa, maana utamnunia nani? Nikajifariji kwa kifungu changu. Nilijua mama yule alijifunza kusoma ukubwani, darasa la watu wazima, na husoma kwa kufuata kidole. Siku tatu za mafunzo, zoezi la kikao akiwa kando ya katibu ambaye ni mkwewe, na mtihani wa kuandika. Nikasema moyoni, chekeche litafanya kazi yake.

Kuhusu mtaro sikuwa na wasiwasi. Nilikuwa na maelezo yangu, kwamba watu wa chini wanatupa taka. Ni kweli nyuma ya nyumba yangu nilikuwa nimejenga banda la kuku wa nyama, na ni kweli banda lile lilikaa juu ya mtaro. Lakini nilikuwa nimepitisha bomba la plastiki chini ya sakafu yake ili maji yapite, nikajiona fundi. Katika ile katiba niliyoiandika mwenyewe kuna kifungu kinachokataza kujenga juu ya mtaro. Nilikiandika nikiwatazama kuku wangu dirishani, na wala sikupata shida yoyote. Nyani haoni kundule.

Mafunzo yalifanyika kwenye ukumbi wa kata. Mkufunzi alikuwa afisa kijana, binti aliyehamishiwa kwetu kutoka mbali, mwenye bidii na kalamu za rangi nne. Siku ya kwanza alitupanga wajumbe saba kwenye meza, akasema mwenyekiti na katibu wakae kichwani, bega kwa bega. Mama mkwe alikuwa ameketi kwenye kiti cha karibu na mlango. Hakuinuka. Akamwambia makamu jambo kwa sauti ya chini, na makamu akasimama kumfafanulia mkufunzi habari za ukwe.

Mkufunzi akasikiliza kwa adabu, kisha akafungua kitabu chake. "Nawaheshimu sana," alisema, "lakini zoezi la kikao ni sharti. Mwenyekiti aongoze, katibu awe naye hapo hapo asome na kuandika. Katiba yenu yenyewe ndiyo inasema hivyo. Asipolifanya siwezi kutoa cheti."

Watu wakanitazama. Ningeweza kusema neno. Mimi ndiye niliyekiandika kile kifungu, ningeweza kusema nilimaanisha nini, tukafanya mpango mwingine. Nikajifanya natafuta kalamu mfukoni. Makamu akasema basi labda mama ajiuzulu kwa heshima, ukwe usivunjwe, na mwenyekiti achaguliwe mwingine. Akanitupia jicho. Ninaandika haya kwa aibu, lakini moyo wangu uliruka.

Mama mkwe akaomba zoezi lisogezwe hadi baada ya chakula. Mchana hakula. Nilimwona kupitia dirishani akizunguka ule ukumbi, akipima kwa hatua, akisimama, akigeuka. Tuliporudi alikuwa ameshawaomba wajumbe wawili wamsaidie kupanga meza. Meza kubwa ilibaki ya wajumbe, na kiti chake kichwani, akiwatazama. Nyuma ya kiti chake palikuwa na kimeza kidogo na kiti kingine, kimegeuziwa ukutani. Mgongo wangu ungekuwa kwa mgongo wake. Tungesikiana bila kuonana.

"Mwalimu," alimwambia mkufunzi, "kwenye kitabu chako imeandikwa katibu aonekane, au asikike?"

Mkufunzi akapekua kitabu. Akapekua tena. Akaanza kutabasamu. "Asikike, mama."

"Basi atasikika."

Hivyo ndivyo tulivyofanya zoezi, na hivyo ndivyo tulivyoendelea kufanya vikao vyetu vyote. Kila aliponihitaji alisema, "Makamu, mwombe katibu atusomee," nami nilisoma nikiutazama ukuta wenye rangi ya samawati iliyobanduka. Siku ile nilijifunza jambo ambalo kwenye Uraia hatulifundishi. Mimi kila nikikuta sheria na mila zinasukumana, namtafuta wa kushinda. Yeye aliona ni suala la kupanga viti.

Siku ya pili tulifundishwa kuongoza mjadala. Mkufunzi alieleza mbinu nyingi kwa kalamu zake za rangi, na wajumbe wawili wenye sauti kubwa wakawa ndio wanaojibu kila kitu, mmoja wao mimi. Zamu ya mama mkwe ilipofika ya kuongoza, akasema, "Shuleni nililisha watoto mia nne. Nilikuwa na sheria moja. Hakuna anayeongezwa kabla ya wa mwisho kupata kijiko chake cha kwanza. Hapa pia itakuwa hivyo." Tukazunguka meza, kila mtu akasema mara moja. Nilipotaka kuongeza, nilisikia nyuma yangu, "Makamu, mwambie katibu foleni haijaisha." Alikuwepo mjumbe mmoja, mama mpole wa mstari wa chini, ambaye sikuwahi kusikia sauti yake hata kanisani. Siku ile alisema mambo matatu kuhusu kisima ambayo hakuna mwingine aliyeyajua. Mkufunzi aliandika ile sheria ya kijiko kwenye daftari lake. Nilisikia kalamu.

Mchana likaja somo la mgongano wa maslahi. Mkufunzi akaeleza kwamba mjumbe mwenye uhusiano na mhusika hapaswi kukaa wakati jambo lile linaamuliwa, hutoka nje. Akatoa zoezi. Tuseme mkazi wa nyumba namba tano ameomba kufungua duka. "Mwenye undugu na mkazi huyo afanye kama tulivyosema."

Makamu akasimama, maana mke wa namba tano ni wa ukoo wa mama yake. Mjumbe wa pili akasimama, kwa kuwa ng'ombe wa baba yake mdogo ndio waliomtolea mahari mama wa yule bwana. Wa tatu alikuwa amemlelea mtoto. Wa nne ni watani, na utani nao ni undugu. Yule mama mpole alitoka bila kueleza, na hakuna aliyemuuliza. Mama mkwe alitoka. Mimi nilitoka kwa sababu babu yake huyo wa namba tano na bibi yangu wote ni watu wa Nkoma, na kubaki peke yangu kungeonekana najitenga. Tukasimama nje wote saba juani, tukiwa tumetii sheria kikamilifu. Ndani alibaki mkufunzi na ubao wake. Alichungulia mlangoni akauliza, "Jamani, kikao kimebaki na nani?" Hapa kwetu ukitaka mtu asiye ndugu yako itabidi upande basi.

Tulicheka, yeye alikaribia kulia. Mama mkwe ndiye aliyerudi ndani wa kwanza. "Mwalimu, ukisema undugu, hapa hatutafanya kikao mpaka kiama. Sema mwenye kupata kitu, au kupoteza kitu, ambacho wengine hawapati wala hawapotezi. Huyo ndiye atoke."

"Mama," alisema mkufunzi, "hiyo ndiyo maana yake hasa. Ningeanza na hapo."

Tuliporudi kukaa, nikamsikia mama mkwe nyuma yangu akiuliza tena, polepole. Kama mwenyekiti ndiye mwenye jambo? Anatoka, alijibu mkufunzi, na makamu anaongoza. Na kama ni katibu? Naye anatoka. "Na kama ni wote wawili, mwenyekiti na katibu?"

"Wanatoka wote wawili. Mradi wajumbe wanne wamebaki, akidi ipo, kikao kinaendelea."

Nikasikia penseli ikikwaruza karatasi kwa muda mrefu. Niliona ni maswali ya mtu anayetaka kuonekana makini. Mimi, mwenye katiba yangu kichwani, niliutazama ukuta nikapiga mwayo.

Siku ya tatu ilikuwa ya mtihani. Mkufunzi alitangaza kwamba asiyependa kuandika anaweza kujibu kwa mdomo, na kila mtu alijua anamwambia nani. Mama mkwe alisema ataandika. Mimi nilimaliza kwa nusu saa. Swali la mwisho lilitaka tutoe mfano mmoja wa mgongano wa maslahi unaotuhusu wenyewe, na tungefanya nini. Niliandika, "Sina." Nikaweka nukta, nikatoka kwenda kunywa chai. Wote tulikuwa tumeshatoka, chai ikapoa, na yeye bado alikuwa ndani na kidole chake. Alikaa saa mbili na zaidi. Mkufunzi angeweza kumkatiza, ila hakufanya hivyo. Nilisimama nje nikiitazama ile kanga yake dirishani, kichwa kimeinama, na hapo, bila kutaka, wivu wangu ulianza kulegea. Nimesimamia mitihani maisha yangu yote na najua mtu anayeandika ili afaulu anavyokaa. Yule alikaa kama mtu anayechambua mchele wa wageni.

Sote tulifaulu. Vyeti vikatolewa, na karatasi za mtihani nikakabidhiwa mimi katibu nizihifadhi kwenye faili la umoja. Ya mama mkwe niliifunika uso chini bila kuisoma. Ukwe ni ukwe hata kwenye karatasi.

Kikao chetu cha kwanza halisi kilikuwa mwezi wa kumi na moja, kwenye kile chumba kidogo kando ya geti. Mawingu yalikuwa yameshaanza kujikusanya upande wa mbuga. Ajenda ya tatu ilikuwa mtaro. Siku ile ya vyeti kamati ilikuwa imewatuma makamu na yule mama mpole kuukagua wote, juu hadi chini, na makamu akasimama kusoma taarifa kwa sauti yake ya kutangaza treni.

Alisema hakuna taka za maana. Alisema mtaro ni mzima mpaka nyuma ya nyumba namba tisa, na pale umezibwa na banda la kuku, ambalo chini yake kuna bomba lisiloweza kupitisha hata robo ya maji. Mvua ikiwa kubwa maji yanafurika, yanavuka barabara, yanateremka mstari wa chini na kukusanyika nyumba ya mwisho. Akasoma pia alichokikuta yule mama mpole ndani ya nyumba ile. Alama ya maji sebuleni, juu ya goti. Milango miwili imevimba haifungi. Godoro lilishatupwa mara mbili. Sanduku la nguo limewekwa juu ya kabati, na kitanda kimeinuliwa kwa matofali.

Namba tisa ni kwangu.

Nilikuwa nautazama ukuta. Miaka miwili nilikuwa nafika uani pale, naacha kilo ya nyama au mfuko wa mahindi, nasalimu "Mwadila, mayu," na kuondoka kwa adabu zangu zote. Kama ningekuwa mkwe asiye na heshima, ningeingia ndani hata mara moja, na ningeona. Na yeye, kwa heshima hiyo hiyo, hakuweza kuniambia. Mke wangu baadaye alikiri kwamba alijua, na kwamba mama yake alimkataza, akamwambia mkwe hasemwi kwa maji. Wakati mwenyewe anayachota kwa ndoo.

Nyuma yangu kiti kilisogea. "Jambo hili linanihusu," alisema. "Nyumba hiyo ni yangu, na mtaro ukipita nitapata mimi kuliko wote. Natoka. Makamu, endelea." Ndala zake zikaelekea mlangoni.

Niliusikia ule ukuta ukinitazama. Makamu akakohoa. "Katibu?"

Niliweka kalamu juu ya daftari, nikasimama, nikatoka.

Mvua ilikuwa imeanza. Chumba kile kina kibaraza cha upana wa kiti kimoja, bati limetokeza kidogo, na hakuna mahali pengine pa kujikinga mpaka ufike nyumba ya kwanza. Mama mkwe alikuwa amesimama pale. Aliponiona natokeza mlangoni akajifunika kanga kichwani, akashuka, akaenda kusimama mvuani ili mkwewe apate kibaraza.

Ningefanya nini? Nilishuka upande wa pili. Tukasimama wote wawili kwenye mvua, yeye kulia, mimi kushoto, kila mmoja akitazama kwake, na katikati yetu kibaraza kikavu hakina mtu. Anayepita barabarani angesema tumerogwa. Koti langu lile la uchaguzi likaanza kunata mgongoni. Kutoka juu maji yalikuwa yameshaanza kuvuka barabara, meusi, yamebeba manyoya ya kuku.

Niliyatazama yale manyoya yakiteremka kuelekea nyumba ya mwisho.

"Baba," nikasikia. "Rudi kibarazani. Utaugua."

Ilinichukua muda kuelewa kwamba ananiambia mimi. Hapakuwa na binti yake wala makamu wa kulipeleka neno. Alikuwa hajageuka, lakini alikuwa amesema nami.

"Mayu," nilijibu, na sauti yangu ilikuwa ya mwanafunzi, "banda nitalivunja. Nalivunja leo hii, mvua ikikatika."

Maji yalikuwa yanamtiririka kutoka kwenye pindo la kanga.

"Subiri kamati iamue," alisema. "Ndivyo tulivyofundishwa."

Tukasubiri. Ndani tulisikia foleni ya kijiko ikizunguka, mmoja mmoja, wa mwisho yule mama mpole. Kisha makamu akafungua mlango, akatukuta tumelowa chapachapa kila mmoja upande wake, akafungua mdomo kutania, akaufunga. Kamati ilikuwa imeamua banda liondolewe ndani ya siku saba. Mama mkwe alirudi kitini kwake, mimi kimezani kwangu, akauliza ajenda ya nne ni ipi.

Nililivunja kesho yake, na wanaume wanne wa mstari wa chini walikuja na majembe bila kuitwa. Makamu alisema tu, "Kikulacho ki nguoni mwako," akavua shati. Mvua kubwa ya baada ya hapo nilikaa dirishani nikiangalia mtaro ukibeba maji yake yote mpaka mbugani. Mke wangu alirudi kutoka kwa mama yake akasema sebule ni kavu, na kwamba mama amesema wabeja, yaani ahsante. Tumerudi kwenye kutumiana maneno. Sikuzote tumekuwa hivyo, na sitaki iwe vingine.

Juzi nilikuwa napanga faili la umoja, na zile karatasi za mtihani zikateleza sakafuni. Ya mama mkwe ilianguka uso juu. Nilikuwa nimeshaisoma kabla sijakumbuka kugeuza macho. Herufi zilikuwa kubwa, za penseli, zimefutwa na kurudiwa hadi karatasi imechubuka. Swali la mwisho alikuwa amelijibu hivi:

"Maji ya kwa mkwe wangu yanaingia kwangu. Siwezi kumsema kwa sababu ni mkwe. Siwezi kunyamaza kwa sababu ni mwenyekiti. Nitatoka nje. Yeye pia ni mtu wa haki, atatoka."

Mkufunzi alikuwa ameweka alama ya vema kwa wino mwekundu. Yangu ilikuwa chini yake, ile yenye neno moja na nukta.